Wodi ya akili: maswali ya wauguzi na ndugu kuhusu sheria, mila na mahusiano

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wa aina mbili: muuguzi mpya aliyepangiwa wodi ya akili bila kuiomba (wengi wetu tulifika hivyo), na ndugu wa mgonjwa anayesubiri kwenye benchi nje ya geti. Majibu yanaihusu zaidi Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya zimetajwa pale zinapofuata njia yao. Kama una kesi yako hasa, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali au mwanasheria.

Je, mtu anaweza kulazwa wodi ya akili bila ridhaa yake?

Anaweza. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua anayekuja kwa hiari yake, anayeletwa kwa dharura kwa sababu hali yake ni ya hatari, na anayeletwa kwa amri ya mahakama. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2001. Kenya inatumia sheria ya 1989 iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022, kwa muswada ulioanzia Seneti mikononi mwa Sylvia Kasanga.

Kuwa na ugonjwa wa akili peke yake hakutoshi kumlaza mtu kwa nguvu. Ndugu kuchoka nako hakutoshi, ingawa uchovu wao ni wa kweli na unastahili kusikilizwa. Kinachotakiwa ni daktari amempima na kuona kwamba mtu huyu anahatarisha maisha yake au ya wenzake, au amezorota kiasi kwamba hawezi kujiamulia wala kujihudumia. Na aliyeanza kuongea ovyo jana jioni huku ana homa apimwe kwanza malaria, sukari na maambukizi ya ubongo kabla hajavushwa geti letu. Wapo waliofika wodini kwa jina la wazimu kumbe ni malaria imepanda kichwani.

Kazi ya muuguzi anayempokea ni kusoma karatasi kabla ya kufungua kitanda. Nani kamleta? Saa ngapi? Nani kasaini? Amekuja kwa hiari au la? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, kisha linarudi siku ya tatu mgonjwa anaposema anataka kwenda nyumbani. Aliyejilaza mwenyewe akiomba kutoka si mtoro. Mwite daktari. Ama anaruhusiwa, ama anapimwa upya na hadhi yake inabadilishwa kwa maandishi. Kumwambia “subiri kesho” kila siku kwa wiki nzima ni kumfunga mtu bila karatasi.

Akishalazwa bila hiari, si ndiyo tunaamua kila kitu sisi?

Hapana, na kama kuna jibu moja ningependa lisomwe kwa utulivu kwenye ukurasa huu, ni hili.

Amri ya kumlaza inamzuia mtu kutoka nje ya geti kwa sasa, basi. Bado ana haki ya kujua jina la dawa anayopewa na kwa nini anapewa. Bado anaweza kusali, kukataa kukatwa nywele, kutembelewa na mama yake, kukaa na nguo zake za ndani, kulalamika na malalamiko yake yakaandikwa. Uwezo wa kuamua hautoki wote kwa pamoja kama umeme wa mtaa. Mtu anayeamini kwamba jirani anamtazama kupitia redio anaweza kabisa kukueleza kwamba sindano ya mwezi uliopita ilimwacha anatetemeka wiki mbili na haitaki tena. Maelezo hayo ni ya kitabibu. Yaandike kwenye faili na yafike kwenye raundi.

Tena uwezo huo hupanda na kushuka. Aliyeshindwa kuelewa maelezo Jumatatu huenda akayaelewa Alhamisi, baada ya kulala usiku tatu mfululizo. Kwa hiyo ridhaa huombwa tena na tena. Kwenye dharura, mgonjwa anapovunja vioo au kujigonga kichwa ukutani, mpe kile tu kinachohitajika kuzuia hatari hiyo, hata kama hakubali. Akitulia, rudi kwake ueleze ulichompa na sababu yake. Wauguzi wengi hawarudi. Wanaona imeshapita, lakini kwa mgonjwa haijapita: anachokumbuka ni watu wanne na sindano.

Hata pale ambapo sindano ni lazima, kuna kitu cha kumwachia. Muulize achomwe upande gani. Muulize anataka kukaa au kulala. Inachukua nusu dakika.

Ndugu wanaomba tumtilie dawa kwenye uji bila yeye kujua. Tufanye?

Usifanye kwa uamuzi wako mwenyewe. Najua nyumbani wanafanya, na sitawahukumu watu waliokosa usingizi miezi miwili. Lakini ndani ya wodi, dawa ya siri inamthibitishia mgonjwa mwenye shaka kwamba shaka zake zilikuwa za haki: kweli kuna watu wanaweka vitu kwenye chakula chake. Akigundua, na wengi hugundua, ataacha dawa na uji pia. Kama hali ni ya hatari, njia iliyo wazi ni matibabu bila ridhaa yaliyoamuliwa na daktari na kuandikwa. Kama si ya hatari, mazungumzo yaendelee. Muulize kwanza kwa nini anakataa. Mara nyingi sababu ni za kawaida kabisa: zinanenepesha, zinaua nguvu za kiume, zinamfanya asinzie kwenye bodaboda. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa.

Ni lini tunaruhusiwa kumfunga mgonjwa au kumtenga chumbani?

Pale tu njia nyingine zote zimeshindwa na hatari ni ya sasa hivi. Kumfunga kwa sababu zamu ya usiku ina muuguzi mmoja na wagonjwa wengi si sababu, ingawa nakiri hiyo ndiyo sababu halisi mara nyingi. Upungufu huo uandikwe kwenye daftari la ripoti kila unapotokea ili wenye bajeti wausome. Mgonjwa akifungwa, lazima kuwe na agizo la daktari, saa ya kuanza, saa ya kuangalia upya na saa ya kumfungua. Asilazwe kifudifudi na mtu kumkalia mgongoni, maana watu wamekufa hivyo kwa kukosa pumzi. Pita kila dakika 15: vidole vina joto? Amekunywa maji? Anahitaji choo? Tumia kitambaa kipana, kamwe si kamba ya katani wala pingu za polisi.

Na asifungwe mbele ya ndugu zake wala mbele ya wagonjwa wengine kama inaepukika. Simu zizuiwe. Kumpiga picha mgonjwa wa akili na kuirusha kwenye WhatsApp ni kosa la maadili ya kazi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi linalolindwa zaidi. Kenya ina sheria kama hiyo tangu 2019. Hili linamhusu pia ndugu, mlinzi wa geti na mwanafunzi wa mazoezi.

Mgonjwa aliyejaribu kujiua: tumpeleke polisi?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya imeondoka huko: tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, kwenye kesi iliyofunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, chama cha madaktari wa akili na mwanaharakati mmoja wa afya ya akili. Ikumbukwe kwamba vifungu kama hivi viliachwa na Waingereza, ambao wao wenyewe walifuta cha kwao mwaka 1961.

Huku kwetu kifungu hicho hakijamzuia mtu kutaka kufa, ila kimewafundisha ndugu kudanganya mapokezi. “Alikunywa kwa bahati mbaya, alidhani soda.” Uongo huo una gharama ya kitabibu, kwa sababu aina ya sumu ndiyo inayoamua dawa, na dakika zinaenda. Basi waambie ndugu mapema, kabla hujauliza chochote: hapa tunatibu, tuambieni alichokunywa na muda. Wewe ni muuguzi, hujaajiriwa kupeleleza. Okoa uhai, kaa naye, ondoa vitu vya hatari karibu yake, muulize waziwazi kama bado anawaza kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo kichwani. Kwenye faili andika ulichoona na alichosema kwa maneno yake, bila kuongeza hukumu yako. Kama askari wapo, wasubiri nje mpaka daktari aseme mgonjwa anaweza kuongea.

Kwa nini kupelekwa Mirembe bado ni tusi?

Kwa sababu ya historia. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927, enzi za mkoloni, na hospitali za aina hiyo zilijengwa kumtoa mtu kwenye macho ya watu kwanza, tiba ikafuata baadaye. Mathari ya Nairobi ilianza hivyohivyo mwaka 1910. Lutindi, milimani Korogwe, ina asili tofauti: ilianza 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa kwenye utumwa, ikageuka kituo cha wagonjwa wa akili miaka michache baadaye. Athari ya tusi hilo ni kwamba mgonjwa analetwa akiwa amechelewa, baada ya fedha zote kuishia kwingine.

Familia inasema ni majini, au amerogwa. Tuwaambie nini?

Usianze kwa kuwapinga. Familia iliyotoka Tandahimba au Pemba imeshapita kwa mganga, kwa sheikh au kwa mchungaji kabla ya kuja kwako, na bado itarudi huko baada ya wewe kumruhusu. Ukiwadharau siku ya kwanza, kitakachobadilika ni kimoja tu: hawatakuambia tena.

Nawe unahitaji kuambiwa. Kombe lililoandikwa kwa zafarani likaoshwa na kunywewa halina shida na vidonge. Ruqya ya kusomewa Kurani haina shida. Maombi kanisani, maji ya upako, sawa. Lakini mizizi iliyochemshwa na kunywewa kikombe asubuhi na jioni inaweza kugombana na dawa au kuumiza ini, na lazima ujue ni nini na kiasi gani. Kufunga kwa maombi siku kadhaa bila chakula wala maji, kwa mtu ambaye tayari halali, kunaweza kumwangusha kabisa. Kufukizwa moshi ndani ya blanketi, kuchapwa ili pepo atoke, kuchanjwa kwa wembe uliotumika kwa wengine: haya ni madhara, na hapo muuguzi hasemi kwa upole wa kuficha. Anasema hapana.

Njia ninayoiamini ni kugawana kazi. “Mama, sheikh aendelee na dua zake, nasi tuendelee na dawa. Wote tunamtaka apone. Ninachoomba dawa zisisimame.” Sentensi hiyo imewarudisha kliniki watu wengi kuliko mhadhara wa kemikali za ubongo. Pale inapowezekana, zungumza na sheikh au mchungaji mwenyewe. Wengi wanajua kabisa mgonjwa aliyewashinda, na hufurahi kupata mahali pa kumpeleka bila kuaibika.

Jambo la kuangalia kwa jicho kali ni pale uchawi unapopewa jina la mtu. Familia ikianza kusema ni shangazi fulani ndiye aliyemroga, kuna bibi kizee mahali fulani ambaye usalama wake uko mashakani. Mshirikishe ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Lakini alichomwa sindano hapa hospitali, shingo ikapinda na macho yakageukia juu. Hilo si jini?

Hilo ni dawa. Haloperidoli na ndugu zake, hasa kwa vijana wa kiume na hasa siku za mwanzo, huweza kukaza misuli ya shingo, taya, ulimi na macho. Linatisha mno kulitazama, na ndugu waliokuwa nusu wanaamini hospitali hutoka hapo wakiwa wamehakikisha kwamba “jini amekasirika kwa sindano”. Linatibika haraka: sindano ya kulegeza, kisha vidonge vya Artane kwa siku kadhaa kama daktari atakavyoona. Mwite mara moja, maana koo likikaza mtu anaweza kushindwa kupumua.

Dawa ya kweli ya tatizo hili ni kuwaambia kabla. Ndugu aliyeonywa kwamba shingo inaweza kupinda atakimbilia wodini. Asiyeonywa atakimbilia kwa mganga, na hutamwona tena mpaka mwakani.

Nitajuaje hii ni imani ya kwao na hii ni dalili ya ugonjwa?

Waulize watu wa imani hiyohiyo. Mtu kusema ana jini aliyerithi kwa bibi yake si dalili kama nyumba nzima inasema hivyo na yeye analala, anakula, anafanya kazi. Lakini mama yake mwenyewe, mwenye kilinge, akikwambia “hata sisi tunaojua mambo haya, huyu amezidi, haya si ya majini,” umepata jibu ambalo dodoso la kuchapishwa lisingekupa. Kisha angalia usingizi, usafi, kazi na jinsi anavyokaa na watu. Hayo hayana kabila.

Jirani yetu amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Ni halali?

Si halali. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikapitisha sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2010, na mtu mwenye ulemavu wa akili anaingia humo. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Ila muuguzi anayekwenda kwenye nyumba hiyo asiende na lugha ya mahakama. Mara nyingi aliyefunga mnyororo ni baba mwenye miaka 70 ambaye kijana wake aliwahi kuchoma nyumba, na kliniki iko mbali kwa nauli asiyokuwa nayo. Ukifungua kufuli bila kuacha dawa, tarehe ya kurudi na namba ya mtu wa kumpigia, litafungwa tena jioni.

Mgonjwa anataka kufunga Ramadhani. Tumruhusu?

Mgonjwa ana ruhusa ya kidini ya kutofunga, na imamu anaweza kumweleza hilo vizuri kuliko wewe. Akisisitiza, angalia dawa. Nyingi zinaweza kuhamishiwa futari na daku. Lithiamu ndiyo ya kuogopa: mwili ukikauka maji, kiwango chake kwenye damu kinapanda na kuwa sumu, na dalili zake ni kutetemeka, kuhara na kuyumba. Anayetumia lithiamu amuone daktari kabla ya mwezi kuandama, asingoje kumi la mwisho.

Ndugu wote wanataka kujua anaumwa nini. Nimwambie nani?

Uliza mgonjwa. Kwa kawaida atamtaja mmoja, na huyo ndiye mwandike kwenye faili. Mjomba aliyelipa nauli si lazima awe ndiye anayetakiwa kujua, na mwajiri aliyekuja na matunda hatakiwi kujua lolote zaidi ya tarehe ya kurudi kazini. Wakati huohuo, kuficha siri hakukuzuii kusikiliza. Ndugu anaweza kukueleza kila kitu alichokiona bila wewe kumpa kitu hata kimoja.

Siri ina mpaka pale maisha ya mtu mwingine yanapotajwa. Vyuoni hufundishwa kesi ya Tarasoff, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976 baada ya mgonjwa kumwambia mtaalamu wake kwamba atamuua binti fulani, na kweli akamuua bila binti huyo wala wazazi wake kuonywa. Hukumu hiyo haifungi mahakama za kwetu, lakini maadili yanaelekea hukohuko: mgonjwa akitaja mtu na namna atakavyomdhuru, peleka kwa daktari na kiongozi wa wodi papo hapo, na anayehitaji kuonywa aonywe kwa kiasi kinachotosha kumlinda, bila kumwaga historia yote.

Kaka wa mgonjwa ameleta karatasi za shamba ziwekwe kidole gumba. Nishuhudie?

Kataa, na uandike kwamba ulikataa. Hili hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, hasa wakati wa mirathi, na huja likiwa na sura ya huruma: “Tunataka kuuza kipande tumgharimie matibabu.” Huenda ni kweli. Lakini sheria imeweka njia: mahakama ndiyo yenye mamlaka ya kumteua msimamizi wa mali za mtu asiyeweza kuzisimamia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na msimamizi huyo hutoa hesabu. Dole gumba lililochukuliwa kitandani, siku ya pili ya sindano, ni kesi ya miaka kumi, na jina lako litakuwemo kama shahidi. Mgonjwa akipata nafuu anaweza kuuza shamba lake mwenyewe akitaka.

Mume anataka barua ya hospitali ili aachane na mke wake mgonjwa.

Muuguzi hatoi barua hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataja ugonjwa wa akili miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyaangalia, lakini inataka madaktari wasiopungua wawili, mmoja mwenye ujuzi wa magonjwa ya akili, wathibitishe kwamba hawaoni matumaini ya kupona. Kenya ina kipengele kinachofanana nacho katika Sheria ya Ndoa ya 2014. Magonjwa mengi tunayotibu hayafiki hapo, na mama aliyechanganyikiwa wiki ya pili baada ya kujifungua mara nyingi anapona kabisa. Kabla ya barua, mkalishe mume umweleze hilo. Wengine huondoka na kadi ya kliniki badala ya barua.

Wazazi wanaomba binti yao achomwe sindano ya uzazi bila kumwambia.

Hofu yao inaeleweka. Wasichana wagonjwa hubakwa, na kijiji huishia kunong’ona. Hata hivyo sindano ya siri haizuii ubakaji. Inazuia mimba inayoufichua. Zungumza na binti mwenyewe akiwa ametulia, akiwa na muuguzi wa kike, umpe uzazi wa mpango kama anavyopewa msichana mwingine yeyote. Ukiona dalili za kunyanyaswa, huo ni mlango wa polisi na ustawi wa jamii. Ndani ya wodi pia: muuguzi wa kiume asiingie peke yake bafuni kwa wanawake, na kwa familia nyingi za pwani hata kumbadilisha nguo mama mtu mzima kunamtaka mwanamke mwenzake.

Tumepokea mtu aliyeua. Tumchukulieje?

Kama mgonjwa. Mahakama ikiona alitenda tendo lakini akili yake wakati huo haikuwa sawa, sheria ya Tanzania inaruhusu uamuzi maalumu na mtu huyo hupelekwa kwenye uangalizi wa hospitali. Kwa Bara mahali panapojulikana ni Isanga, Dodoma. Wengine hupelekwa kwa uchunguzi tu, kesi haijaisha. Kwa hiyo unachoandika kila zamu kinaweza kusomwa na jaji. Andika alivyolala, alivyokula, alichosema. Usiandike “anajifanya”.

Mgonjwa akitoroka, nani anawajibika?

Inategemea kilichofanyika kabla. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoka Mathari kwa mkupuo mmoja, na mjadala uliofuata Kenya haukuishia kwa waliokuwa zamu. Uligusa dawa, msongamano na idadi ya watumishi. Kwako wewe cha muhimu ni rekodi: ulihesabu wagonjwa saa ngapi, ulimtaarifu nani, ndugu walipigiwa lini.

Mgonjwa amenipiga. Nimshtaki?

Una haki ya kutibiwa, kupata PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na kujaza fomu ya ajali kazini. Mashtaka ni uamuzi wa baadaye, na mara nyingi hayafiki popote kama akili yake haikuwa sawa. Kilicho muhimu zaidi ni wodi kukaa chini na kuuliza kilitangulia nini. Ngumi nyingi zina historia ya dakika kumi: alinyimwa simu, alivutwa mkono, alichekwa.

Nimwamkie vipi mgonjwa mzee ambaye anaongea na kuta?

Shikamoo, kama mzee mwingine yeyote. Mwite Mzee, Babu, au Mama Neema kama ndivyo anavyoitwa kwao. Kuumwa hakujamshusha umri. Nimeona vijana wa mazoezi wakimwita mwalimu mstaafu kwa jina lake la kwanza mbele ya wajukuu wake, kisha wakashangaa kwa nini hataki kumeza vidonge.

Utani nao ni chombo kizuri mikononi mwa anayejua kuutumia. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kufunguana moyo kwa matusi ya kirafiki ndani ya dakika mbili. Lakini usimtanie mtu mwenye shaka na watu. Ukimwambia “leo tunakuzika wewe” hatacheka, atakuamini.

Anataka namba yangu ya simu. Na mama yake ameniletea kuku.

Mpe namba ya wodi. Yako ibaki yako, kwa sababu saa nane usiku utakapokuwa umelala ataona umemtupa. Zawadi ndogo ya kuliwa na wote pale wodini, kama ndizi au karanga, ipokee mbele ya wenzako na mshukuru. Kuikataa ni kumtukana mama. Kuku, fedha na kitenge vinaleta deni. Muombe arudi nacho amlishe mgonjwa.

Mapenzi na mgonjwa hayana mjadala, hata baada ya kuruhusiwa. Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kukuondoa kwenye rejista, na yeye atakuwa amepoteza muuguzi na mahali pa kurudi akiugua tena.

Nikimkuta sokoni nimsalimie?

Subiri akusalimie yeye kwanza. Mwambie hivyo mapema, siku anaporuhusiwa: “Tukikutana mjini sitakuita, si kwamba nimekusahau. Ukinisalimia nitaitikia.” Akikusalimia, itikia, uliza habari za nyumbani, usiulize dawa. Akikutambulisha kwa mwenzake kama rafiki wa zamani, kuwa rafiki wa zamani, nunueni nyanya zenu muagane.